UZI: Kusafisha na kung'arisha fuvu la mbuzi na ng'ombe kwa pambo la nyumbani

#1 Mfupa_Mkavu (mwanzisha uzi)

Wakuu, maswali ni yale yale: fuvu limegeuka njano, fuvu linanuka jua likiwaka, fuvu linachubuka kama chokaa ya ukutani. Majibu yametawanyika kwenye nyuzi kumi tofauti, nayakusanya hapa. Naanza na mbuzi kwa sababu ndiye anayepatikana kirahisi na anaenea kwenye ndoo ya lita 20. Ng'ombe na nguruwe wana mambo yao, tutawafikia.

Kabla ya yote: mfupa uliotolewa mafuta vizuri unakaribia kuwa mweupe wenyewe, dawa ya kung'arisha inamalizia tu. Wengi wanaharibu kwa kukimbilia dawa siku ya tatu wakati mafuta bado yamejaa ndani.

Kichwa. Usichukue kilichobabuliwa. Vichwa vya supu karibu vyote vimepita motoni, na moto ule unaunguza pembe, unapasua meno na kuacha madoa meusi yasiyotoka. Vingine vimeshapasuliwa kwa shoka kutoa ubongo. Wahi machinjioni (Vingunguti kwa watu wa Dar, Kiamaiko kwa Nairobi), mwambie muuza vichwa unataka kibichi, hakijababuliwa, hakijapasuliwa, na taya lake la chini. Mfungue mdomo: mbuzi mwenye meno yote manane ya mbele yaliyobadilishwa ana miaka minne hivi au zaidi, na mifupa yake imeshikana. Wa mwaka mmoja akitoka majini ni vipande vipande kama vigae.

Kuchuna. Ngozi yote, macho, ulimi, nyama ya mashavu. Kisu kidogo chenye ncha, na kiende kimelala juu ya mfupa, kisichimbe. Alama ya kisu haifutiki. Sehemu ya puani acha kabisa, usichokonoe. Ndani mle kuna vijifupa vyembamba kama karatasi vilivyojikunja mithili ya magome ya mdalasini. Ukiingiza waya umevimaliza. Ubongo unatokea tundu la kisogo, pale uti wa mgongo unapoingilia: koroga taratibu na kijiti, kisha piga maji kwa bomba la sindano la mililita 20 au mpira wa bustani, mara kadhaa. Utakaobaki utaozea majini.

Kuozesha majini. Njia hii ndiyo nzuri kuliko zote kwa mfupa na mbaya kuliko zote kwa majirani. Tia kichwa ndani ya mfuko wa wavu wa vitunguu, funga mdomo, zamisha kwenye ndoo ya plastiki. Mfuko ule ndio utakaookoa meno yakidondoka. Maji yafunike mfupa wote. Kipande kitakachochomoza juu kitakauka na kushika doa la kahawia. Funika ndoo lakini usiibane, gesi inajaa na mfuniko unaruka. Ndoo ya bati usiiguse, kutu inaingia mfupani na haitoki.

Bakteria ndio wafanyakazi wako. Wanapenda maji ya nyuzi 30 mpaka 35. Kwa joto la Dar, Tanga au Mombasa mbuzi anamaliza wiki mbili hadi nne. Baada ya siku tatu nne za kwanza mwaga maji yenye damu, tia mapya. Kuanzia hapo, kila wiki punguza nusu tu na kuongeza nusu. Ukimwaga yote umewafukuza wafanyakazi na unaanza upya. Maji machafu shimoni au kwenye shina la mgomba, yakipita kwanza kwenye chujio.

Maji ya kisima chenye chumvi, kama yale ya sehemu nyingi za Dar, usitumie. Chumvi inazubaisha bakteria, na mfupa ukikauka inachanua kama unga mweupe na kumenyua uso wa mfupa. Maji ya mvua ni bora.

Pembe. Pembe ya mbuzi ni ganda limevaa juu ya mfupa. Kati ya wiki ya kwanza na ya tatu ganda linalegea. Shika, zungusha kidogo, vuta. Likigoma, rudisha majini siku tatu, usilivunje. Andika alama ndani ya kila ganda, la kulia na la kushoto. Likishatoka lisirudi kwenye ndoo: maganda yanayokaa majini muda mrefu yanachanika tabaka kwa tabaka kama kitunguu. Sugua ndani kwa sabuni, kausha kivulini.

Mafuta. Mfupa umetoka majini mtupu, unanuka, una rangi ya kijivu. Osha, kisha maji ya moto wa kuvumilika mkononi (nyuzi 40 hadi 45) na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, vijiko vinne vya mezani kwa lita 10. Funika. Weka ndoo juani; nyeusi inashika joto zaidi. Badili kila baada ya siku nne tano. Utaona maji yamekuwa kama ya mchele, na utando wa mafuta unaelea juu. Endelea mpaka maji yatoke kama yalivyoingia. Mbuzi huchukua wiki mbili hadi nne.

Weupe. Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, siku moja hadi tatu. Suuza, loweka maji safi siku nzima ukibadili mara mbili, kausha kivulini wiki moja mpaka mbili. Jua kali mwanzoni linapasua meno.

Maswali karibuni.

#2 Kijana_wa_Nakuru

Asante kwa uzi. Huku kwetu ni baridi, ndoo inakaa mwezi na nyama bado imeshika. Halafu kuozesha kwa ploti si rahisi, landlord ako karibu. Kwani kuna ubaya gani kuchemsha? Masaa matatu na kazi imeisha.

#3 Mama_Sufuria

Ubaya upo kwenye neno "kuchemsha". Maji yakitokota, mafuta ya kichwa yanayeyuka na kupenya ndani ya mfupa, na huko ndani kuyatoa ni miezi. Kolajeni, yaani ile gundi ya asili inayoshikanisha mfupa, inageuka supu. Ndiyo hiyo inayofanya mchuzi wa kichwa ugande ukipoa. Kila unachokipata kwenye mchuzi kimetoka kwenye fuvu lako. Maungio yanaachia, meno yanapasuka kwa urefu.

Kama huna nafasi ya kuozesha, pika kwa moto mdogo usiofikia kutokota. Maji yawe ya nyuzi 80 hivi: mvuke unapanda, viputo vidogo vinakaa chini ya sufuria, uso wa maji umetulia. Jiko la mkaa uliofunikwa majivu linafaa kuliko gesi. Kwa mbuzi:

Loweka kichwa kilichochunwa maji baridi usiku kucha ukibadili mara mbili, damu itoke. Anza na maji baridi, panda taratibu. Baada ya saa moja toa, mwaga maji yote, paruaparua nyama kwa kijiko cha mbao na mswaki mgumu. Tia maji mapya ya moto ule ule (mfupa wa moto usikutane na maji baridi, meno yatalia "ta!"). Rudia vipindi vya dakika 30 hadi 45 mpaka uishe. Enguaengua mafuta yanayoelea muda wote, usiyaache yakae juu na fuvu ukalipitisha katikati yake unapolitoa.

Nyama ngumu ya nyuma ya taya na kisogoni ikigoma, kipindi cha mwisho tia magadi, kijiko kimoja cha mezani kwa lita 5, dakika 20, si zaidi. Magadi yanalainisha nyama kama yanavyolainisha maharage, lakini yanakula pia vijifupa vya puani. Suuza sana.

Pembe zisizame. Ziache nje na shina lake lifungwe kitambaa kibichi. Zikipikwa zinalainika na kupinda, na zikipoa zinabaki hivyo hivyo.

#4 Mfupa_Mkavu

Nakubaliana na Mama Sufuria, ila hata ukipika hivyo hatua ya sabuni iko pale pale, tena ndefu zaidi.

Wa Nakuru: suluhisho la baridi ni hita ndogo ya tangi la samaki, ile yenye kipimo, iwekwe nyuzi 30. Ndoo ivikwe gunia au blanketi kuukuu. Wiki tatu umemaliza. Maji yasishuke chini ya alama ya hita maana kioo kitapasuka, na chomoa umeme kabla ya kutia mkono.

#5 Baharia_wa_Tanga

Mbona mnazunguka? Jik lita moja, maji lita tano, usiku mmoja fuvu jeupe pee. Kuna watu wanauza hivyo na wateja wanafurahi.

#6 Mkemia_Mtaani

Wateja wanafurahi siku ya kwanza, mkuu. Wafuatilie baada ya mwaka.

Mfupa una sehemu mbili kuu: madini ya kalsiamu na fosfeti, ambayo ni kama theluthi mbili ya uzito wake, na kolajeni ambayo ni protini. Madini yanaupa ugumu, kolajeni inaushika usimomonyoke. Dawa za klorini zinayeyusha protini. Ule utelezi unaousikia vidoleni ukishika Jik ni ngozi yako inaanza kuliwa, na ndivyo inavyokula kolajeni. Kinachobaki ni madini matupu. Pitisha kidole juu ya fuvu la namna hiyo: unapata vumbi jeupe kama la chaki ya darasani. Vijifupa vya puani ndivyo vinaanza, kisha kingo za matundu ya macho, kisha meno yanalegea kwenye mashimo yake. Na kusuuza hakumalizi, kwa sababu mfupa una vitundu vingi na dawa inabaki humo.

Jambo la pili, la hatari: kuna wanaotumia amonia kutoa mafuta. Amonia ikikutana na Jik inatoa gesi inayochoma mapafu. Ndoo iliyokuwa na moja isitiwe nyingine. Jik na siki nako hivyo hivyo, unapata gesi ya klorini. Na Jik na peroksaidi msichanganye, vinatokota na kurukia macho.

Peroksaidi inafanya kazi tofauti. Inavunja rangi iliyomo mfupani bila kula kolajeni kwa kasi ile. Si kwamba haina madhara kabisa: ukiacha wiki mbili kwenye asilimia 12 utaona chaki vilevile. Ndiyo maana asilimia 3, siku chache, na kuangalia kila siku.

#7 Dada_Saluni

Nyongeza kuhusu kupata hiyo dawa, maana famasi wanauza vichupa vidogo na kujaza ndoo ni gharama. Maduka ya vifaa vya saluni yanauza developa ya rangi ya nywele, na ni dawa ile ile. Namba zake zinachanganya watu:

10 vol ni asilimia 3
20 vol ni asilimia 6
30 vol ni asilimia 9
40 vol ni asilimia 12

Zipo za majimaji na za krimu. Kwa kuloweka chukua ya majimaji. Ukitaka lita 5 za asilimia 3: 20 vol lita mbili na nusu na maji kiasi hicho hicho, au 40 vol lita moja na robo na maji lita tatu na robo tatu. Krimu ni kwa fuvu kubwa lisiloenea chomboni, unapaka kwa brashi.

Glovu za mpira na miwani. Asilimia 12 ikikugusa ngozi inakuwa nyeupe na kuchoma. Osha kwa maji mengi, rangi itarudi.

#8 Mkemia_Mtaani

Dada Saluni yuko sahihi. Kwa mwenye kupata ile ya viwandani ya asilimia 35: mililita 430 ukamilishe kwa maji mpaka lita 5, na umimine dawa kwenye maji. Lakini kama hujazoea kemikali iache, hiyo inatoboa ngozi na inaweza kuwasha moto kwenye matambara.

Mambo madogo yanayookoa pesa. Fuvu la mbuzi lina nafasi nyingi pembeni yake kwenye beseni, na nafasi hiyo yote unaijaza dawa. Jaza mchanga kwenye chupa za maji za nusu lita, funga vizuri, zipange kando ya fuvu. Dawa inapanda bila kuongeza. Fuvu litataka kuelea: likandamize kwa jiwe lililofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, jiwe tupu linaacha doa. Chombo kiwe cha plastiki, chuma kinaiharibu dawa. Mfuniko usibanwe.

Kujua dawa iliyokaa bado hai: kata kiazi mviringo kibichi, dondoshea. Ikitoa povu ina nguvu. Kimya ni maji tu.

#9 Mwanafunzi_SUA

Swali. Fuvu la mbuzi, limekaa sabuni wiki moja, dawa siku mbili, lilitoka jeupe. Mwezi wa tatu sasa kuna mabaka ya njano kwenye shina la pembe na chini ya matundu ya macho, ukigusa yanateleza kidogo. Dawa ilikuwa dhaifu?

#10 Mfupa_Mkavu

Dawa haina kosa, ni mafuta. Wiki moja ya sabuni haikutosha. Peroksaidi imeng'arisha ngozi ya juu ya mfupa, mafuta yaliyokuwa ndani yamepanda taratibu na joto. Angalia yanapotokea: kwenye mfupa mnene. Paji la uso lililo jembamba linabaki jeupe, shina la pembe, kisogo na pembe ya taya ndiko mafuta yanakojificha.

Kipimo cha kufanya kabla ya dawa: kausha fuvu kabisa, siku tano au zaidi, kisha liangalie kwenye mwanga wa dirisha. Mfupa mkavu usio na mafuta unafifia, hauakisi mwanga, mfano wa ganda la yai. Wenye mafuta una mabaka yanayong'aa, kama karatasi iliyofungiwa mandazi. Likiwa limelowa huwezi kuona, mfupa wote unafanana. Wengi wanaangalia likiwa bichi na kujidanganya.

Dawa yako sasa: rudi kwenye sabuni na maji ya moto, wiki tatu kwa uchache, kausha, angalia. Ikibaki mabaka madogo, asetoni ya kufutia rangi ya kucha, ile tupu isiyo na mafuta wala manukato, kwenye chombo cha kioo au ndoo isiyoyeyuka, siku kadhaa, nje, mbali na moto. Mvuke wake unashika moto kutoka mbali, jiko la mkaa la jirani linatosha. Petroli ambayo mafundi wa zamani wanaitaja, achaneni nayo. Pamoja na moto, harufu haitoki.

Na msipake vanishi fuvu lenye mafuta. Vanishi inafungia njano ndani, na kuitoa tena ni kazi ya kuikwangua yote.

#11 Kibo_View

Nina mawili. Je, kuzika ardhini? Na kuna fuvu la swala limeokotwa porini, limeshakauka lenyewe, linahitaji kung'arishwa tu.

#12 Afisa_Mstaafu

La pili kwanza. Liache lilipo, na kama limeshafika nyumbani, lisipigwe picha na kuwekwa mtandaoni kutafuta ushauri. Tanzania, fuvu, pembe, jino au mfupa wowote wa mnyamapori ni nyara ya serikali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Kuwa nayo bila kibali ni kosa, haijalishi mnyama alikufa mwenyewe au simba ndiye aliyemla. Kenya ni hivyo hivyo chini ya sheria yao ya 2013. Uwindaji wenyewe walishaupiga marufuku tangu 1977. "Niliokota" haijawahi kuwa kibali. Swala, nyati, ngiri, nyani, mamba, kasa, wote wamo. Mwenye nacho aende ofisi ya wanyamapori ya wilaya, au KWS (shirika la wanyamapori) kwa Kenya, aeleze.

Pili, mzoga wa mnyama yeyote aliyekufa mwenyewe, hata mbuzi wa nyumbani, usiuguse. Kimeta. Vimelea vyake vinajifunika gamba na kukaa kwenye udongo na mifupa miaka mingi, makumi, na kukausha hakuviui. Chukua kichwa cha mnyama aliyekaguliwa na mkaguzi wa nyama, basi. Hata huyo, vaa glovu: ugonjwa wa kutupa mimba wa mifugo unaingia kwa mikwaruzo. Chanjo ya pepopunda iwe haijapitwa, maana meno na vipande vya mfupa vinachoma.

#13 Mfupa_Mkavu

Kuhusu kuzika: inawezekana ila ndiyo njia ya kukisia. Miezi minne hadi kumi na miwili, mbwa wanafukua, mizizi inaingia puani na kupasua, na mfupa unashika rangi ya udongo. Udongo mwekundu wa Moshi au Kiambu una chuma, na wekundu ule peroksaidi haiutoi. Ukilazimika, tumia mchanga wa mtoni ndani ya ndoo iliyotobolewa chini, uikalishe kivulini. Usifukie karibu na kichuguu, mchwa wanakwangua mfupa.

#14 Mvuvi_Ziwa

Hamjataja wadudu. Makumbusho mengi duniani yanatumia kidudu cheusi kinachoitwa Dermestes maculatus, na sisi wa Kanda ya Ziwa tunamjua vizuri: ndiye anayetoboa samaki mkavu ghalani. Buu wake ni wa kahawia mwenye manyoya. Anakula nyama kavu mpaka mfupa unabaki mtupu bila kugusa maungio, na vijifupa vya puani vinasalia vyote.

Kichwa kinachunwa, kinatolewa ubongo, kinaanikwa mpaka nyama iwe kama ng'onda, kisha kinaingia kwenye sanduku la plastiki au kioo lenye kuta laini, lililofunikwa wavu wa chuma, joto la nyuzi 26 hadi 30, giza, pakavu. Nyama mbichi inaleta ukungu na nzi. Mia kadhaa wanamaliza kichwa cha mbuzi kwa wiki mbili tatu. Sanduku likae mbali kabisa na nyumba na ghala la dagaa. Wakitoroka wanakula ngozi, manyoya, zulia la sufu, na wanatoboa mbao wakitafuta pa kubadilikia. Fuvu likitoka huko liende kwenye friza wiki mbili kabla ya kuingia ndani.

#15 Karagwe_Pembe

Kwa wenye ng'ombe, hasa hawa wetu wa Ankole wa pembe ndefu, wa Kagera, Uganda, Rwanda na Burundi. Watu wanavutiwa na pembe wanasahau kwamba ndani ya ganda mna mfupa wenye mapango kama sega la nyuki. Damu na mafuta vinajificha humo. Harufu isiyoisha ya fuvu la ng'ombe mara nyingi haitoki kwenye fuvu, inatoka kwenye pembe.

Kwa hiyo ganda lazima litoke, hata kama ni mita nzima. Zamisha kichwa na mashina ya pembe kwenye pipa la plastiki la lita 200 lililokatwa, pembe zikining'inia nje, wiki tatu hadi tano kwa joto la tambarare. Ikishalegea wanashika watu wawili, mmoja kichwa, mmoja pembe, kuzungusha bila kuinua. Mfupa wa ndani upigwe maji ya sabuni kwa mpira mpaka yatoke safi, kisha ukauke mwezi mzima kabla ya kuvishwa ganda tena. Ukivisha ukiwa mbichi, umefungia uvundo.

Angalia pia paji la uso kabla ya kulipa. Machinjio yanayozimisha ng'ombe kwa risasi ya chuma yanaacha tundu la ukubwa wa sarafu katikati ya paji.

Kung'arisha: pipa la dawa ni ghali, tumia krimu ya 40 vol. Mfupa ulowane kwanza. Paka mafuta ya mgando kwenye mpaka wa pembe, zungushia utepe wa karatasi wa mafundi rangi, kwa sababu tone moja la dawa linaacha doa jeupe kwenye pembe nyeusi. Paka krimu nene kama siagi, funika kwa nailoni isikauke, saa 12 kivulini au kwenye jua la asubuhi, osha, rudia mara mbili tatu. Krimu ikikaukia mfupani inaacha ukoko mgumu kutoa, hasa kwenye maungio.

Na mdudu wa pembe: nondo mdogo ambaye funza wake anakula pembe yenyewe. Dalili ni vijibomba vya rangi ya udongo vinavyochomoza kama vidole kwenye pembe. Pembe ikikaa kwenye friza la nyuzi 18 chini ya sifuri wiki mbili, amekwisha. Friza dogo? Ndiyo maana ganda linatolewa, linaingia peke yake.

#16 Kijana_wa_Nakuru

Na nguruwe? Nimeambiwa ni sabuni tu zaidi.

#17 Mama_Sufuria

Ni sabuni mara nne. Nguruwe ana mafuta mpaka ndani ya taya. Miezi mitatu minne ya kubadili maji ni kawaida. Toboa vitundu vidogo vya milimita 2 chini ya taya, mahali pasipoonekana, maji ya sabuni yapate pa kuingilia. Vaa barakoa unapotoboa, vumbi la mfupa si la kuvuta. Ana meno 44, kwa hiyo wavu ni lazima, na chonge za dume ni ndefu kuliko zinavyoonekana, zimezama nusu nzima kwenye taya. Zikikaushwa haraka zinapasuka. Zipake nta ya mshumaa iliyoyeyushwa kwa ndani.

#18 Mwanafunzi_SUA

Limerudi kwenye sabuni, maji yametoka kama ya mchele kweli. Wakati huo huo taya limeachana katikati na meno ya mbele yamedondoka yote. Ni mimi nimevunja?

#19 Mfupa_Mkavu

Hujavunja. Taya la chini la mbuzi, kondoo na ng'ombe ni mifupa miwili iliyoshikwa na nyuzinyuzi tu pale kidevuni, na nyuzi hizo zikioza kila upande unakwenda zake. Gundi nyeupe ya mbao, tone dogo, funga kwa raba band usiku mmoja. Usitumie ile gundi ya haraka. Inashika kabla hujapanga, na ikikosewa inatoka na kipande cha mfupa. Nyeupe ukikosea unalowesha maji na kuanza upya.

Meno: mbuzi mzima ana 32. Juu mbele hana hata moja, kwa hiyo yale manane yote ni ya chini. Mawili ya katikati ndiyo mapana kuliko yote, na yanapungua kuelekea pembeni. Yapange kwanza juu ya utepe wa karatasi kwa mfuatano, yajaribu makavu bila gundi. Kila jino lina tundu lake na mzizi wake una mkunjo. Likiwa mahali pake linazama lenyewe na kusimama likiwa limeegemea mbele kidogo. Likichezacheza, badilisha na la upande wa pili. Magego hayatakusumbua, yale sita kila upande yana mizizi mingi na mara nyingi hayatoki.

Vijifupa vya puani vikiwa vimebaki, changanya gundi hiyo hiyo sehemu moja na maji sehemu nne, dondosha kwa bomba la sindano ndani ya pua, geuza fuvu ili itiririke yote, ziada itoke. Kausha pua ikiwa imeangalia chini.

#20 Dada_Saluni

Na kutundika? Ukuta wa tofali za simenti, fuvu la ng'ombe.

#21 Karagwe_Pembe

Usitundike kwa pembe wala kwa matundu ya macho. Toboa ukuta milimita 8, plagi na skrubu ndefu yenye kulabu, kulabu iingie tundu la kisogo. Fuvu litalala lenyewe ukutani, pua ikiwa chini. Wa Ankole ana uzito mbele, mwongeze kipande cha ubao wa mninga nyuma na skrubu mbili. Ukuta wa nje unaolowa mvua haufai, na juu ya jiko pia, masizi na mafuta ya kukaangia yatalirudisha njano. Watu wa pwani waache nafasi ya vidole viwili kati ya mfupa na ukuta, hewa ipite, kuvu isishike nyuma. Vumbi linafutwa kwa brashi kavu ya rangi, ile ya inchi mbili.